Ubingwa wa Mwaka wa Hamsini na Nane

Ozell Rudd alicheza mpira miaka minne katika Chuo cha Tolliver na hakuwahi kuubeba hata mara moja. Mpira wetu ni ule mrefu, wenye ncha mbili, wa kukumbatiwa kifuani na kukimbia nao, lakini kazi ya Ozell ilikuwa kuinama mbele ya mtu mzito kama yeye, vidole vya mkono mmoja vikigusa nyasi, na mpira ulipotolewa kumsukuma mtu huyo mpaka njia ipatikane. Wengine walipita katika njia hiyo wakishangiliwa. Wapinzani walipouchukua mpira hakutoka uwanjani, maana siku zile vyuo vyetu havikuwa na watu wa kubadilisha. Aliinama tena palepale, safari hii kuiziba njia. Kwa hiyo ujanani mwake hakutoka na mabao, wala jina lililowahi kuitwa na umati. Alitoka na magoti mabovu, kidole kimoja kilichopinda, na mwaka mmoja, 1958.

Nilihamia jirani naye, hapa Pellsville, alipokuwa ameshastaafu. Alifundisha useremala katika shule ya watoto wetu, watu weusi, na baadaye, jimbo la Georgia lilipolazimika kuunganisha shule zetu na za wazungu, akafundisha watoto wa wote. Mabenchi ya Kanisa la Mlima Nebo aliyatengeneza yeye. Alijisifu kwa jambo moja tu, kwamba hayalii mtu anapokaa. "Benchi likilia," aliwahi kuniambia, "mhubiri anadhani amejibiwa." Alikuwa shemasi, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ambayo kila mara ilionekana kutafuta kitu cha kushika.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nilimwona kupitia uzio. Kulikuwa na barafu nyembamba juu ya majani. Ozell alikuwa ameinama chini ya miti yake ya pekani, mguu mmoja nyuma, vidole ardhini, kichwa kimeinuliwa, pumzi yake ikitoka kama moshi. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko magoti yale yalivyoweza kuvumilia, kisha akashika shina la mti akajiinua polepole. Nilipokutana na mkewe, Verdine, nikamuuliza kama mzee anaumwa.

"Muache," alisema Verdine. "Leo ana mechi."

Mabingwa wa kwetu hawakupatikana kama mabingwa wa mahali pengine. Vyuo vyetu vilicheza vyenyewe kwa vyenyewe kwa sababu vile vya wazungu havikutaka kucheza nasi, na magazeti makubwa hayakuandika kuhusu sisi. Hapakuwa na kombe wala fainali. Msimu uliisha Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, kisha watu wakangoja magazeti yetu, yaliyoletwa na treni mara moja kwa wiki, na kila gazeti lilipima kwa mizani yake na kumtangaza bingwa wake. La kaskazini lilichagua chuo hiki, la karibu likachagua kile. Na chuo ambacho hakikuchaguliwa na mtu kiliweza, miaka mingi baadaye, kukaa na kukumbuka kwamba mwaka fulani hakikufungwa, kikanunua rangi na kuuandika mwaka huo kwenye ukuta wa uwanja wake. Ukuta ni wao, rangi ni yao. Ukitoka kwetu asubuhi kwenda Chuo cha Landry, utafika kabla ya chakula cha mchana, na utakuwa umepita mabingwa kadhaa wa mwaka uleule.

Mwaka wa hamsini na nane Tolliver walishinda mechi zao zote. Tatizo ni kwamba moja waliishinda dhidi ya wanajeshi wa kambi ya jirani, baada ya chuo kilichokuwa kije kulazwa kitandani chote na mafua. Gazeti kubwa likasema wanajeshi si chuo, ushindi ule hauhesabiwi. Landry nao walishinda zote isipokuwa moja ya sare, waliyoicheza kwenye matope yaliyofika vifundoni. Gazeti kubwa likawapa Landry ubingwa. Gazeti dogo likawapa Tolliver, na miaka michache baadaye gazeti hilo dogo likafa, na ushahidi wetu ukafa nalo.

Lakini kabla ya hayo makocha wawili walikuwa wamekubaliana. Tukutane, walisema, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, katika uwanja usio wa yeyote kati yetu, tumalize ubishi. Vijana wa Tolliver walifanya mazoezi mpaka giza likawatoa uwanjani. Halafu mkuu wa chuo, Mchungaji Whitlow, mtu aliyezaliwa na wazazi waliozaliwa utumwani, akatazama kalenda na kuona kwamba Jumamosi ile ni ya mitihani.

"Hiki ni chuo," alisema mbele ya timu nzima. "Kilijengwa ili mjue kusoma. Sikukijenga kiwe sarakasi."

Siku ya mechi, timu ya Tolliver ilikaa darasani ikifanya mtihani wa hesabu. Landry walikwenda uwanjani. Inasemekana walirushiana mpira kidogo kwenye uwanja mtupu, wakapiga picha, wakarudi kwao na kuupaka mwaka rangi ya buluu kabla ya Krismasi. Tolliver hawakupaka kitu. Kwanza Whitlow aliona ni majivuno. Baadaye, wakuu wengine walipoanza kuandika miaka mingine ukutani, huu waliuruka, kwa sababu Georgia nzima ilikuwa na neno lake kuhusu Tolliver na mwaka ule. Neno lenyewe lilikuwa kwamba tulikimbia.

Na aliyelisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Lonzo Tisdale, mbeba mpira wa Landry, ambaye Ozell, kati ya wasichana wote wa jimbo hili, alikwenda akamwoa dada yake.

Nilialikwa mezani kwao kila Sikukuu ya Shukrani, na kila mwaka Lonzo alifika akiwa amevaa koti la buluu la mabingwa, mwaka umeshonwa kwenye mkono. Alikuwa tarishi mstaafu, mwembamba, viatu vinang'aa, mdomo haulali.

"Dada, nipishe nikae mbali na huyu," alianza kabla hajavua kofia. "Naogopa atakimbia na sahani yangu."

"Kaa," alisema Ozell, akikata bata mzinga. "Mtu aliyetoka sare na matope hana sauti kwenye meza yangu."

"Sare si kufungwa, shemeji. Sare maana yake ulifika uwanjani."

"Tulikuwa na mtihani!"

"Wa nini?"

"Unajua wa nini."

"Wageni hawajui. Waambie."

"Hesabu."

"Ukapata ngapi?"

Hapo meza nzima ilikuwa imeshaanza kucheka, maana kila mtu alijua, na Verdine alikuwa ameziba uso kwa kitambaa.

"Nilifeli," alisema Ozell.

"Amefeli! Mechi hakucheza, hesabu hakupata. Nipe paja hilo, wewe hulistahili."

Nilicheka kama wengine. Lakini nilikuwa nimekaa upande wa Ozell, na kila mwaka niliona kitu kilekile. Kicheko kilipoisha, watu wakageukia mchuzi na pai ya viazi vitamu, yeye aliendelea kumtazama Lonzo. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayepima mlango kwa macho, kujua kama meza yake itapita.

Mahali alipoumia hasa ni uwanjani, Siku ya Marejeo. Oktoba kila mwaka wahitimu hurudi Tolliver na majiko yao ya mkaa, mbavu za nguruwe, samaki wa kukaanga, mashemeji na wajukuu. Mechi inapofika mapumziko, mtangazaji huita miaka ya ubingwa, mmoja mmoja, na wazee wa mwaka huo hushuka kwenye nyasi wakiwa na makoti yao ya rangi ya damu ya mzee na kusimama kwenye mstari wa katikati. Wengine wanashikiliwa. Umati unasimama. Mwaka wa hamsini na saba wapo, walioshinda mechi chache kuliko timu ya Ozell. Mwaka wa sitini wapo. Katikati ya miaka hiyo mtangazaji havuti hata pumzi. Ozell alikaa juu, kofia magotini, na wakati huo kila mwaka Verdine alimsogezea mfuko wa njugu za kuchemsha. Alichukua moja. Hakuimenya.

Ndipo akaja Terrell Oakes, mkurugenzi mpya wa michezo wa Tolliver, kijana mwenye suti za kumbana na adabu za mtoto wa mchungaji. Alikaa kwenye baraza ya Ozell akiwa ameshika bilauri ya chai ya barafu kwa mikono miwili.

"Mzee Rudd, tunataka kuudai mwaka wako."

Ozell aliacha kukibembeza kiti chake.

"Vyuo vikubwa vya wazungu vinadai miaka ambayo hata babu zao hawakujua wameishinda," alisema Oakes. "Mtu mmoja mwenye kalamu aliwachagua, basi, wanapaka ukutani. Wengine wamedai mwaka ambao walifungwa! Sisi hatukufungwa na mtu. Tunaona haya ya nini?"

"Na Eulis?" aliuliza Ozell. Eulis Crowder alicheza pembeni yake mwaka ule, bega kwa bega, na sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Wengine wa timu ile walikuwa wamekufa, au wako mbali sana, hawajulikani walipo.

"Wote wawili. Makoti mapya, na mtaitwa Siku ya Marejeo. Lakini lazima kwanza mwaka usomwe."

Tolliver mwaka haupakwi rangi mpaka usomwe. Desturi hiyo ilianza zamani, baada ya mwaka mmoja kupakwa kimyakimya, na mtu wa chuo kilichoudai pia akaja mazishini Pellsville akasema neno, na waombolezaji wakashikana mashati kando ya kaburi lililo wazi. Tangu hapo mwaka unasomwa hadharani, Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa Mlima Nebo, na chuo kinachobishana nasi kinaalikwa kutuma mtu. Anapewa kahawa na kipande cha kwanza cha keki, kisha anapewa ruhusa ya kusema. Akipinga na asijibiwe, mwaka unangoja. Upo mwaka uliongoja mpaka waliokuwa wanaupigania wakaisha.

Landry walimtuma Lonzo. Wangemtuma nani mwingine?

Wiki ile Ozell alikaa sana kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Nilisikia randa ikienda, ikisimama, na katika kusimama kwake nikasikia sauti yake. "Hatukukimbia, tulifungiwa." Randa. "Muulize yeyote Whitlow alisema nini." Randa tena. Alikuwa mtu ambaye katika ukumbi ule aliomba sala fupi kuliko mashemasi wote, na sasa alikuwa anajifunza kusimama mbele ya watu amjibu Lonzo Tisdale. Nadhani hata ukuta na koti vilikuja baada ya hilo. Alitaka mara moja, mbele ya watu, Lonzo amjie kwa nguvu zake zote, na yeye asimame asisogee.

Jumapili ukumbi ulijaa. Lonzo aliingia na koti lake la buluu, na kina mama wa jikoni wakamlaki.

"Buluu imeingia, shikeni mikoba!"

"Mpeni keki ya pembeni, ile iliyoungua."

"Nimekuja kwa amani, dada zangu," alisema Lonzo, na wakacheka, kwa kuwa Lonzo hakuwahi kuja mahali kwa amani. Lakini niliona hakula keki yake.

Mchungaji Ruffin alisoma mwaka. Alisoma mechi zote, pamoja na ile ya wanajeshi, na mtu nyuma akasema, "Wanajeshi ni watu!" Akasoma sare ya Landry, watu wakapiga miguu chini. Kisha akasema, "Mjumbe wa Landry ana ruhusa."

Ozell alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mguu mmoja nyuma kidogo.

Lonzo alisimama na kofia mkononi. Aliitazama kofia.

"Landry haipingi," alisema. "Nilikuwapo mwaka ule. Tolliver walikuwa timu bora kuliko sisi. Tungecheza, wangetupiga. Ni hayo tu."

Akakaa.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha makofi yakalipuka, watu wakasimama, mtu akaanza wimbo wa chuo. Eulis Crowder, kwenye kiti chake, aliweka kiganja usoni na mabega yakaanza kumtetemeka. Oakes alikuwa anapeana mikono na kila mtu. Ilichukua muda watu kuona kwamba Ozell amesimama, na kwamba hacheki.

"Huyu mtu," alisema, "anadanganya ndani ya nyumba ya Bwana."

Watu wakaangua kicheko.

"Sifanyi mzaha. Lonzo, inuka. Sema ulivyosema kila mwaka ukila bata wangu."

"Nimeshasema, shemeji."

"Inua uso useme."

Lonzo hakuinua uso.

"Shemasi Rudd," alisema Mchungaji Ruffin taratibu, "yaani unaupinga mwaka wako mwenyewe?"

"Nampinga yeye."

"Yeye hajapinga kitu. Kama kuna anayepinga, ni wewe. Na ukipinga, mwaka unangoja. Ndiyo desturi."

Ozell alikuwa amesimama na mikono yake mikubwa imelegea, ametayarisha maneno ya wiki nzima na hakuna aliyekuja kuyapokea. Kisha Eulis akaivuta suti ya Ozell.

"Ozell. Kaa chini," alisema Eulis. "Nakuomba, ndugu yangu. Mwaka kesho mimi sitakuwapo."

Ozell alimtazama Eulis, akatazama lile koti la buluu upande wa pili wa ukumbi.

"Sipingi," alisema, na akakaa.

Jioni ile nilibeba mabaki ya keki hadi jikoni kwao. Verdine alikuwa anaosha vikombe, mgongo wake kwetu. Lonzo alikuwa amejilaza chumba cha nyuma, kwa kuwa macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari, na nilikuwa nimeahidi kumrudisha kwao asubuhi.

"Ulimpigia simu," alisema Ozell.

Verdine alisuuza kikombe akakigeuza juu ya kitambaa.

"Nilimpigia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia inatosha. Nimekaa pale juu kila Oktoba, Ozell, nakupa njugu ambazo hutaki, wanaume wanaitwa huko chini na wewe unatazama kofia. Mimi ndiye ninayerudi na wewe nyumbani baada ya hapo. Hajui mtu mwingine kunavyokuwa ndani ya gari lile. Nikamwambia kaka yangu, unampenda huyu mtu, muachie."

"Ameniachia," alisema Ozell.

"Sasa si ndicho ulichokitaka?"

Alivuta kiti akakaa. Aliweka mikono mezani, ule wenye kidole kilichopinda juu ya mwenzake.

"Verdine, duniani humu alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye bado alikuwa anataka kucheza na mimi."

Verdine aligeuka, mikono ikidondosha maji. Nilitafuta mahali pa kuweka keki nikatoka.

Asubuhi nilimkuta Lonzo barazani na begi lake dogo. Ozell alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, amevaa nguo za kazi, habembei. Wote wawili walikuwa wanatazama barabara. Nilizima gari nikangoja kwenye ngazi, kwa sababu hakuna aliyenyanyuka.

"Verdine alilia kwenye simu," alisema Lonzo. "Ungefanyaje wewe?"

"Ningemwambia anyamaze."

"Muongo."

"Muongo ni wewe. Tena wa kanisani."

Lonzo alitabasamu kidogo, akaacha. Lori la magogo ya misonobari likapita, vumbi likatua.

"Mpira wa kwanza," alisema Ozell. "Siku ile. Mngeanza vipi?"

Nilidhani Lonzo ataleta maneno yake ya mezani. Badala yake aliweka begi chini.

"Kocha alishapanga. Napewa mimi, napita kushoto."

"Kushoto ni kwangu."

"Najua ni kwako. Tulikuja kuwatazama mlipocheza Novemba, mimi na kocha, tukakaa kule juu na makoti ya watu wengine, tusijulikane. Tuliona ukichoka unauegemea mguu wa kulia. Tungekupitia hapo."

"Mpira wa kwanza nisingekuwa nimechoka."

"Hapana. Usingekuwa."

"Mngeniletea wangapi?"

"Wawili. Tucker na yule mwenye meno ya dhahabu."

Ozell aliwaza jambo hilo. Macho yake yalikuwa yamebana, na mguu mmoja ulikuwa umerudi nyuma chini ya kiti.

"Tucker alikuwa mzito," alisema. "Ningeingia chini yake." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Lonzo, ningekushika?"

Lonzo alivua kofia, akaiweka kwenye goti, na safari hii hakuitazama. Alimtazama Ozell.

"Kuna siku napita," alisema. "Nikilala vizuri napita, nawaona nyote mmelala nyuma yangu, mbele ni nyasi tupu. Na kuna siku unanishika. Najikuta chini, natema nyasi, wewe uko juu yangu kama gari. Marehemu mke wangu alikuwa ananiamsha, anasema, Lonzo, unapiga teke. Sijui, Ozell. Kila mwaka nashuka kwenye ule uwanja wanasema bingwa, na sijui."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniacha nile bata bure?"

Ozell alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka kama kikohozi, kisha kikamponyoka na kuendelea, mpaka akalazimika kufuta macho kwa mkono wa shati. Lonzo alimpiga begani kofi moja zito akachukua begi lake. Njiani hadi Landry hakusema lolote, yeye mwenye mdomo usiolala, ila tulipokaribia alinionyesha ukuta wao kwa kidole, kana kwamba sijawahi kuuona.

Mafundi walipaka mwaka wetu Ijumaa kabla ya Siku ya Marejeo. Rangi ilikuwa mbichi bado, nyekundu kuliko miaka ya pande zake. Jumamosi palikuwa na jua kali la Oktoba na harufu ya moshi wa nyama. Ozell alivaa koti lake jipya, ambalo Verdine alilipunguza mikono jana yake, akamsukuma Eulis hadi ukingoni mwa uwanja, wakangoja mapumziko. Mwaka wa hamsini na saba ukaitwa. Kisha mtangazaji akavuta pumzi, na akaitamka nambari ambayo uwanja ule ulikuwa haujawahi kuisikia kwa sauti.

Watu walisimama. Nimesikia makelele mengi katika uwanja ule lakini si kama yale. Verdine, pembeni yangu, alishika mkono wangu akaubana hadi ukauma. Huko chini magurudumu ya Eulis yalikwama kwenye nyasi, Ozell akainama, akasukuma kwa bega, magurudumu yakatoka. Walifika mstari wa katikati. Eulis aliinua mikono yote miwili na kuuelekea umati, akilia wazi bila haya, akipungia kila upande.

Ozell alisimama nyuma ya kiti chake na hakuwaelekea watu. Alikuwa amegeukia nusu ya pili ya uwanja, ile iliyobaki wazi, mistari myeupe na nyasi, na mbali kule bendi imejipanga na ngoma zake ikingoja zamu. Jumamosi ileile, Landry nao walikuwa na Siku yao ya Marejeo. Mechi yao ilianza saa ileile na ya kwetu. Nilijua, na Verdine alijua, kwamba wakati huohuo katika uwanja mwingine, ng'ambo ya mashamba ya pamba na misonobari, mzee mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa amesimama kwenye nyasi, na mtangazaji mwingine anauita mwaka uleule.

"Mzee Rudd!" aliita mpiga picha. "Huku, mzee! Geuka huku!"

Eulis aligeuza shingo. Baadaye alinisimulia alichomuuliza.

"Unatazama nini kule, Ozell? Hakuna mtu."

"Najua," alisema Ozell, na hakugeuka mpaka ngoma zilipoanza kuingia uwanjani.